Aslaug Nymo na Mfupa wa Supu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Aslaug Nymo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu hapa Tromsø. Wengi wetu bado tumepigwa na butwaa, na si kwa sababu anaondoka.

Kazi yake imekuwa kupima umri wa mifupa ya wanyama wa kale wa huku kaskazini: nyangumi, dubu weupe, mbweha, kulungu wa theluji. Bango la ukumbini linaloonyesha kila mnyama alifika lini baada ya barafu kuyeyuka ni lake. Watoto wa shule za hapa wamelikariri, akiwemo anayeandika haya alipokuwa shuleni.

Kila anapopima mifupa ya kale, Aslaug huweka pembeni kipande cha mfupa wa kulungu aliyempika Jumapili. Huo ukionekana mpya, basi mashine iko sawa. Bila supu hakuna sayansi, husema.

Mwezi Mei, mfupa wa supu ulitoka na umri wa miaka elfu kumi na moja.

Eivind, mkuu wetu, alimuuliza supu hiyo aliirithi kwa nani. Tulicheka sote isipokuwa Aslaug. Mashine ilikaguliwa, kipande kingine cha mfupa huo kikapimwa, jibu likawa lile lile. Ndipo akakumbuka: mfupa ule aliukuta mlangoni kwake, akadhani mbwa wake, Truls, ameuiba jikoni. Akausuuza, akaja nao kazini. Kumbe Truls alikuwa ameufukua kwenye kinamasi nyuma ya nyumba.

Tulishtuka. Kulungu walifika miaka elfu mbili kabla ya tarehe ambayo Aslaug ameitetea maisha yake yote. Eivind alimshauri kwa upole jambo hilo lisubiri mpaka keki ya kumuaga iliwe, aondoke na jina lake zuri.

Jumatatu iliyofuata Aslaug alikuja na bisibisi, akapanda ngazi, akaanza kulishusha bango.

"Eivind, nimekosea tangu ulipokuwa mwanafunzi wangu," alisema. "Shika ngazi vizuri, nisianguke mara mbili."

Eivind akaishika. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

Aslaug, asante kwa kutufundisha, hata Jumatatu ile. Uwe na afya na kiangazi kirefu, na Truls asichoke kuchimba. Ukikuta mfupa mwingine mlangoni, tuletee. Ukuta tumeuacha wazi.