Namba Tisa wa Barabara ya Kabambare

Tarehe 30 Juni 2024 Bwana Alimasi Atumani anaweka chini jembe la idara, jembe alilolishika tangu Mei 1989. Ni miaka thelathini na mitano. Aliingia katika idara yetu ya barabara hapa Kasongo akiwa kijana mwenye panga moja na suruali mbili. Anatoka akiwa mkuu wa kipande chote kinachoelekea Kabambare. Shefu wetu, Mama Olga, ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe hii. Ameniomba niandike kwa furaha na nisiwe mrefu. Nitajaribu yote mawili, ila siahidi.

Watu wa mji huu hupenda kututania kwamba ofisi ya barabara iko, ila barabara yenyewe ndiyo haijulikani iko wapi. Hatukasiriki. Anayetaka kujua kazi ya Alimasi asihesabu mashimo yaliyopo, afikirie yale ambayo hayakutokea. Alianza kama kantonye, mchimba mifereji na mziba mashimo, upande wa Lusangi. Mvua kubwa ikikatika, kantonye mgeni hukimbilia pale maji yalipobomoa. Alimasi alikuwa anapanda juu, mahali ambapo maji hayajapata hasira, na kuyafungulia njia nyingine kwa kuchimba kidogo tu. Wapya aliwafundisha kwa maneno yaleyale: "Maji usiifuate. Tangulia kwenye itapita." Wengi waliomsikiliza ni viongozi wa vikundi leo, na wako hapa ukumbini.

Nimeanza na maji kwa sababu nataka kufika kwenye mpira. Najua hii ni sherehe ya kazi. Lakini simama sokoni Kasongo, taja Alimasi wa barabara, uone kama kuna atakayekuuliza habari za mifereji.

Mimi nilifika mwaka 1993 kama karani wa ghala, nikapewa namba kumi katika timu ya idara. Yeye alikuwa tayari namba tisa. Kwa zaidi ya miaka kumi nilimpa mipira, yeye akafunga, na watu wakambeba mabegani huku mimi nikiokota kiatu chake kilichodondoka. Kila bao lina baba na mama, na mji huu humjua baba tu. Basi leo mama ndiye anayeandika, mnivumilie.

Watu hudhani mshambuliaji hodari ni mbio. Alimasi hakuwa na mbio. Siku ya Wafanyakazi mwaka mmoja alishindwa mbio na mhasibu wetu, ambaye alikuwa na tumbo. Wala hakuwa na mashuti ya kutisha. Mabao yake mengi yalikuwa mabaya kuyatazama: la ugoko, la goti, na moja la sikio, alilolifunga akijaribu kuukwepa mpira. Alichokuwa nacho ni kufika mapema. Kabla mpira haujanifikia mimi, yeye alikuwa ameshageuza shingo mara moja kutazama nyuma ya bega lake: beki yuko wapi, uwazi uko wapi. Kisha anatulia kama mtu aliyesahau kilichomleta kiwanjani. Washambuliaji wengine hupiga kelele kuomba mpira, na beki naye ana masikio. Alimasi hakuita hata siku moja. Aligeuza shingo, basi. Mimi niliyemjua nilipiga mpira mbele, mahali pasipo na mtu, na nilipoinua macho mahali pale palikuwa na Alimasi.

Alipenda kusimama mgongoni mwa beki, upande ule ambao beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa pamoja. Raphaël, beki wa timu ya walimu, mtu mzito na mkweli, alilalamika kwamba kwa dakika themanini hakumwona kabisa, na alipomwona alikuwa tayari anakumbatiwa. Na akikosa, alikosa. Hakushika kichwa, hakulaumu nyasi. Wengi wetu tukikosa mara moja tunaanza kujificha nyuma ya wenzetu, tunaogopa mpira usitufikie tena. Yeye alikosa, akakosa, akakosa tena, na mara ya nne ukamkuta palepale bila aibu. Nadhani hilo ndilo gumu kuliko yote, na mimi sikulipata.

Salamabila wanamkumbuka hadi leo. Tulikwenda kule kwa pikipiki kucheza na timu ya wachimba dhahabu. Asubuhi ya mechi Alimasi akavua viatu, akakunja suruali, akazunguka kiwanja polepole, akikanyaga hapa, akisimama pale. Ilikuwa desturi yake. Alitaka nyayo zimwambie wapi udongo ni mgumu na mpira utaruka, wapi ni laini na utakufa. Wenyeji wakaona mengine. Mtu wa Kasongo, mtoto wa Waislamu wa mji, anatembea peku huku midomo inachezacheza: huyo anazika dawa. Kumbe alikuwa anajiimbia wimbo wa harusi. Wakamtuma mtu amfuate nyuma na kumwaga maji ya chumvi kwenye kila unyayo wake, na Alimasi kwa adabu akawa anamsubiri mwenzake asiachwe mbali.

Hata hivyo hawakuridhika. Wakati wa mapumziko, tukiwa sare bila bao, waliingia na majembe kwenye eneo la goli ambalo wangelilinda kipindi cha pili, kuitafuta dawa yenyewe. Na wale ni wachimba dhahabu, hawachimbi kwa mzaha. Refa alipowafukuza palikuwa na shimo la kufika magotini, wakalifukia harakaharaka. Alimasi alikuwa ameketi anakula ndizi na kuwatazama. Aliniambia tu kwamba nimpigie mpira wa chini, uelekee pale kwenye udongo mpya. Nikaupiga. Kipa wao akainama kuusubiri. Mpira ukafika kwenye udongo ule, ukafa. Kipa anasubiri, mpira haufiki. Alimasi alikuwa ameshafika, akausukuma ndani kwa kidole cha mguu. Mpaka leo wako watu kule wanaosema dawa ilikuwa kweli, ila ilizikwa chini zaidi.

Mwezi wa Ramadhani alifunga swaumu na mabao pia alifunga. Sisi Wakristo tulikuwa tunakwenda kunywa maji nyuma ya ukuta wa shule ili tusimtese, naye alikuwa anatuambia tusijifiche, kiu ni yake, si yetu. Timu ile ilikuwa na watu wa misikiti na wa misheni, Wazimba na Wabangubangu, na sikumbuki ugomvi zaidi ya ule wa nani afue jezi.

Mwaka 2005 tulikuwa tunatengeneza daraja la magogo kwenye njia ya Kabambare. Gogo moja liliteleza likampiga goti la kushoto. Alilala hospitali muda mrefu, akarudi na fimbo, na kabla ya mwaka kwisha akapewa usimamizi wa kipande kizima. Miaka ile usalama ulipokosekana na magari yakaacha kupita, miti iliangukia njia na majani yakaifunika mpaka ukadhani hapajawahi kuwa na barabara. Ilipofunguliwa tena, mtu wa kwanza wa idara kuipita alikuwa Alimasi, nyuma ya pikipiki, jembe limefungwa ubavuni, goti limenyooshwa kando kwa sababu lilikataa kukunjwa. Vijiji vya njiani vilimpokea kwa ngoma. Daraja lile lililomvunja alilijenga upya, na malori yanalipita hadi leo.

Lakini mpira uliishia pale. Mimi niliendelea miaka miwili na washambuliaji wengine, vijana wazuri wenye mbio, wa "leta, leta". Nilikuwa napiga mpira mbele, mahali pasipo na mtu, na nikiinua macho mahali pale bado hapana mtu. Watu wakasema Christophe amezeeka. Haukuwa uzee, ulikuwa upweke. Nikatundika viatu, na watoto wangu wakavichukua.

Tangu hapo Alimasi amekuwa anakuja kila asubuhi mbele ya ghala langu kuchukua majembe na makoleo. Tunaongea habari za mvua, za mishahara inayochelewa, za wajukuu. Mpira hatuutaji. Mara nyingi namtazama akiondoka na fimbo yake, na mguu wangu wa kulia unatamani kitu ambacho siwezi kumwambia mke wangu bila kuchekwa. Sasa anahamia Kabambare, kwao, pamoja na mkewe, Mama Mwanvua, kwenye shamba na duka dogo la chumvi na sabuni. Kutoka hapa si karibu, na wala yeye wala mimi si watu wa pikipiki tena. Nina hamu naye na bado hajaondoka.

Ndiyo maana nilitaka sana mechi ya Jumapili iliyopita, ile ya kumuaga, tuliyocheza na walimu. Nilitaka bao moja zaidi, la baba na mama. Wengi wenu mlikuwepo, na wiki nzima mmenilaumu. Basi nieleze.

Mama Olga alikuwa amepanga kila kitu kwa upendo. Alimasi ataingia dakika za mwisho, atapewa mpira miguuni mbele ya goli, na Glody, kipa wa walimu, ataangukia upande mwingine. Mpiga picha alikuwa amesimama tayari karibu na mlingoti. Mimi nilirudishiwa jezi namba kumi, na tumbo langu ndani yake, ili pasi hiyo itoke kwangu. Nilikubali mbele ya wote.

Aliingia akichechemea kidogo, wanawake wakapiga vigelegele. Kila mmoja akampa mpira taratibu, miguuni, kama mkwe anavyokabidhiwa kikombe cha chai. Alishukuru kwa kichwa na kuurudisha. Nilimtazama, na nilihuzunika. Mtu ambaye mabeki wa Kasongo na Kabambare hawakuweza kumwona, sasa alikuwa anaonwa na kila mtu, na kila mtu alikuwa anamhurumia.

Kisha mpira ukaja kwangu, katikati ya kiwanja. Mbele ya goli njia ilikuwa imeandaliwa. Glody ameshaanza kuegemea upande wake wa kuanguka. Pasi fupi, bao, picha, soda. Nikainua macho nikamwona Alimasi akigeuza shingo. Mara moja tu, nyuma ya bega: beki yuko wapi, uwazi uko wapi.

Nikapiga mbele.

Niliupiga kati ya walimu wawili, mahali pasipo na mtu. Naye alikuwa ameshaondoka kabla mguu wangu haujaugusa mpira. Alimwacha Raphaël, yuleyule, sasa ana mvi, amesimama anamtafuta upande mwingine. Hatua zile za kwanza alikuwa Alimasi mwenyewe. Kisha goti likakataa. Mpira ukapita mbele yake, ukapita kando ya mlingoti, ukaingia kwenye beseni la maandazi la Mama Binti, aliyekuwa akiuza pembeni. Punde refa akapuliza kipenga cha mwisho. Hapakuwa na bao wala picha. Mama Olga hakunisemesha mpaka Jumatano, aliponikumbusha kwamba wasifu huu unahitajika kesho yake.

Wengine waliniambia nimemwaibisha mzee mbele ya wajukuu wake, na kwamba nilifikiria hamu yangu kuliko heshima yake. Pale kiwanjani hata mimi niliamini hivyo. Nilisimama nikiangalia viatu vyangu vya kuazima, nikatamani ardhi inimeze. Ndipo akaja, jasho linamtoka, akaniwekea mkono begani. Alisema polepole, na nayaandika alivyoyasema, ili anayenilaumu ajue aliyepigiwa mpira ule alionaje:

"Wote wananipatia mpira mu miguu, sawa vile wananipatia kiti. Weye peke ulinipigia mbele, sawa bado niko na miaka makumi tatu. Aksanti, ndugu yangu. Ni goti ndiyo ilichelewa. Miye nilishafika."

Yaya Alimasi, kaka yangu mkubwa, idara inakushukuru kwa barabara, kwa daraja, kwa watu uliowafundisha kazi, na kwa mabao yako yote, hata lile la sikio. Wenzako wanakutakia afya, mavuno mema, wajukuu wenye adabu, mapumziko marefu, na njia kavu mpaka mlangoni kwa Mama Mwanvua. Nami naungana nao katika yote isipokuwa mapumziko. Mimi nakutakia kwamba huko Kabambare apatikane hata mtu mmoja atakayeendelea kukupigia mbele.

Christophe, karani wa ghala