Chungu cha Kuniaga

Mheshimiwa Mkuu wa Gereza, Mchungaji na Shehe mliotuombea dua, maafande wenzangu, akina mama wa kambini, nanyi ndugu zangu mliotoka Mbale alfajiri kuja hapa Jinja kunichukua: namsalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Mmenisifu tangu asubuhi. Mmesema Sajini Wanyera haogopi kitu, kwamba wafungwa walipogoma niliingia peke yangu mikono mitupu. Ni kweli niliingia. Lakini leo, ninapoivua sare hii niliyozeekea, naomba niwaambie wazi kwamba ninaogopa. Ninaogopa sahani. Ninaogopa harusi, Krismasi na matanga. Na tangu nilipokaa chini ya hema hili, ninakiogopa chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, kile pale katikati, mirija imesimama ndani yake ikinisubiri.

Mnajua kilichonipata miaka mitatu iliyopita. Mawe ya nyongo yaliziba njia, kongosho langu likavimba, sehemu yake ikafa na kuoza nikiwa hai. Koplo Ukasha, yule pale aliyejiinamia, ndiye aliyenibeba hadi kwenye gari. Nilimwambia aniache nipumzike kidogo. Akanijibu, "Afande, leo amri natoa mimi. Panda!" Kule Kampala madaktari hawakunipasua. Walipitisha mpira wenye kamera kinywani mwangu, wakatoboa ukuta wa mfuko wa chakula kwa ndani, usaha ukapitia huko. Wakarudia, wakarudia tena, hadi pakakauka. Sina kovu hata moja. Na mtu asiye na kovu, nani atamwamini akisema bado ni mgonjwa?

Mnaniona nimenenepa, mnasema mzee amepona. Hammwoni mke wangu Gorreti akinichoma sindano ya kushusha sukari kabla ya chakula, wala hamvioni vidonge ninavyomeza ili hata kipande cha samaki kisipite tumboni bure. Nikishika ubavu, hata kwa kujikuna tu, anaacha sufuria motoni na kuja mbio.

Krismasi iliyopita, nyumbani Namakwekwe, kule Mbale, mdogo wangu Andrew alinipikia bushera, uji wa ulezi, akaniwekea kwenye chungu ili nami nikae na wenzangu nivute. "Kaka, hii ya watoto," akasema, "haina pombe hii." Alifanya kwa upendo, Mungu ni shahidi. Ila uji ule ulikuwa umekaa siku nyingi kwenye joto la jikoni, umechachuka mpaka ukawa pombe kamili, na mimi, nisimwaibishe mbele ya watu, nilivuta. Nilirudishwa hospitali nimejikunja, siwezi hata kulia. Daktari akaniambia, "Kongosho lililobaki ni kidogo, mzee. Likifa hilo, kamera yangu haina la kufanya."

Sasa ninahamia huko huko. Hapa kambini mmeshanizoea. Kule kila jirani atataka kunikaribisha, na kila mwenye chungu atasema nimejidai. Ndugu zangu wa Mbale, mtanilinda, au mtanicheka hadi nivute?

Desturi yetu naijua. Anayestaafu huvuta kwanza, na hakuna anayegusa mrija kabla yake; akikataa, amewatukana wenzake wote. Mimi sitaki kuwatukana, na kufa pia sitaki.

Kwa hiyo Andrew, simama. Chukua lile birika la maji ya moto ya kuongezea malwa. Usimimine kule. Nimekuja na chungu changu mwenyewe, kidogo, kipya, hakijawahi kuonja kimea. Mimina humu, maji matupu, watu wote wakiona. Nitavuta hayo, kisha nanyi vuteni yenu mfurahi. Anayetaka kucheka acheke, nitacheka naye. Lakini atakayekuja Namakwekwe kuninong'oneza kwamba tone moja haliui, kwanza amwendee Gorreti, amwambie usoni kwamba amechoka kumwona ana mume.

Gorreti, asante. Ukasha, asante kwa amri yako. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu bila kunikatiza, nimeshukuru sana.

Andrew, mdogo wangu, chungu ni hiki. Mimina.