Kwinini ya Chupani

Kijiwe chetu cha Mirongo ni benchi moja, birika moja la Muharami muuza kahawa na wanaume wasiokubali kushindwa kwa hoja, mimi nikiwemo. Jumamosi hiyo kahawa ilikuwa kali kweli, lakini Ndalahwa hakuigusa. Yeye anauza magome ya mkwinini, dawa chungu ya homa, na ndiyo yaliyomsomesha bintiye Odeta hadi chuo kikuu, Dar. Odeta alikuwa amerudi likizo jana yake, akasimulia kwa furaha kwamba huko kwenye kemia wamejifunza jinsi dawa iliyomo ndani ya gome inavyoweza kutengenezwa maabara, bila mti. Ndalahwa hakupata usingizi. Kulipokucha akaenda kuulizia bei ya robota la mitumba, abadilishe biashara.

— Nimemsomesha aje aniue njaa, alisema.

Antoni, tunayemwita Ubinafsishaji tangu alipopunguzwa kiwandani, alikuwa na maelezo tayari.

— Mti huo umeshabinafsishwa. Walianza na viwanda, wakaja benki, sasa ni zamu ya miti.

— Mti umemkosea nani? nikauliza.

— Kwani mimi nilimkosea nani?

Ngosha, fundi baiskeli, akaona mbali zaidi. Wakishaweza gome, alisema, watahamia kwa sangara: watampika kwenye chupa, minofu mitupu, sisi tukose hata mapanki, ile mifupa inayobaki viwandani. Ubinafsishaji akadai kwamba baada ya sangara watatengeneza ziwa lenyewe, walikunje, wakaliuze Arabuni. Muharami akaacha kumimina, akauliza kama na kahawa imo. Tukamwambia imo, tena ya kwanza.

Tulikuwa tukicheka hadi machozi, isipokuwa Ndalahwa, ndipo Odeta akatokea kumwita baba yake aje kula.

— Shikamooni, wazee.

Tukaitikia marahaba, tukainamia vikombe kama watu waliofumaniwa. Ndalahwa hakugeuka.

— Odeta, mkishaipika dawa yangu kwenye chupa, mimi nitakula nini?

Binti alishangaa, kisha akamwonea baba yake huruma waziwazi.

— Kuipika inawezekana, baba, ila ni kazi ya kutoa jasho. Tindikali, moto, barafu, chupa kwa chupa. Ukikosea hatua moja unaanza upya. Mwisho unapata ya kujaza ncha ya kijiko. Hata viwanda vya dawa vya Ulaya bado vinanunua magome.

— Sasa mnajisumbulia nini? Ngosha akauliza.

— Ukiweza kuijenga mwenyewe, ndipo unajua umeielewa. Lakini kuna kitu bado kinanishinda, wazee wangu. Mkwinini umesimama tu juani, hauna jiko, hauna tindikali. Wenyewe unaipikaje?

Ubinafsishaji aliinama kukaza kamba za viatu. Ngosha akajifanya anapuliza kahawa iliyokwisha poa. Sijawahi kuona benchi letu likikosa jibu, na nilifurahi mno. Ndalahwa akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, akasogea, akapangusa nafasi kwenye benchi ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulikalia.

— Kaa hapa, mwanangu, akasema. Uliza tena, hawa hawajasikia vizuri.