Pauline Ndunge Nzomo, Msomaji wa Somo la Kwanza

Dada yetu Pauline Ndunge alifika duniani tarehe 17 Aprili 1938 huko Mumbuni, mtoto wa tatu wa mzee Kioko na mama Kalondu. Alilia kwa nguvu hata mkunga akatoka nje kuziba masikio. Mwenye shaka amuulize mkunga, ingawa naye ametangulia.

Shule aliingia Januari 1947 na akatoka Januari hiyo hiyo. Alisoma siku tisa, kisha baba akakumbuka kwamba mbuzi hawana mchungaji. Mimi Mutheu, dada yake mkubwa, sikupata hata hizo tisa, kwa hivyo nyumbani kwetu Pauline ndiye aliyekuwa msomi.

Mwaka 1958 aliolewa na Henry Nzomo, mfanyakazi wa kiwanda cha simiti Athi River. Nzomo alikuja kuposa moja kwa moja kutoka kazini, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, na baba akaanza kumtafutia kiti cha mzungu. Walijaliwa watoto wawili, Muli na Linet. Nzomo alifariki 1989, na Pauline akasomesha watoto kwa vyondo alivyosuka na kuuza soko la Machakos. Kiondo chake kilibeba maji bila kuvuja. Nimeyanywa.

Kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa na mshahara. Mwaka 1991 Linet alipangiwa kusoma somo la kwanza kanisani. Wiki nzima alifanya mazoezi kwa sauti jikoni, na Jumapili akaamka na malaria. Padre alipoangalia huku na huku, Pauline aliinuka, akaenda kwenye mimbari, akafungua kitabu na kutoa somo lote bila kukwama. Sauti ilivuka ukuta mpaka kwenye boma la Hirad, mfanyabiashara wa mifugo jirani na kanisa, na mbuzi wake wakaacha kutafuna. Padre akamwandika kwenye orodha ya wasomaji, na Pauline hakukataa. Tangu hapo kila Jumamosi Linet alimsomea, yeye akashika. Linet na mimi tu ndio tulijua kwamba hakujua kusoma.

Wasio Wakatoliki wafahamu kwamba masomo yetu yana miaka mitatu, A, B na C, na mwaka hugeuka Majilio, haungoji Januari. Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 1 Desemba 1996, mwaka ulikuwa umegeuka kutoka A kwenda B, lakini Jumamosi Linet alikuwa amemfungulia mama yake kurasa za A. Pauline akatangaza Isaya wa panga kufuliwa ziwe majembe, wakati vitabu vyote vilikuwa na Isaya wa udongo na mfinyanzi. Josphat, mwenyekiti wa wasomaji, alikuwa akifuatilia kwa kidole, na kidole kikapotea njia.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya pili, Josphat aliwaita wasomaji wote uwanjani. Kila mtu angefunguliwa ukurasa wowote asome, na atakayeshindwa afutwe. Ilipofika zamu yake, Pauline alimrudishia kitabu.

“Mwenyekiti, usijisumbue. Mimi sijui kusoma.”

“Mama Muli, miaka mitano unatudanganya?”

“Kwa miaka mitano nimeacha neno gani? Wewe uko na miwani na Krismasi uliruka mistari miwili.”

Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Mimbari ile ndiyo mahali pekee watu wazima waliponyamaza wamsikilize. Josphat alisema sheria ni sheria, na akatoa kalamu.

Hirad alikuwa langoni, ameleta mbuzi wa sherehe ya parokia. Akauliza kuna nini, akaambiwa.

“Huyu mama ndiye tunamsikia kila wiki?” akasema. “Mzee, kwetu mtu akishika kitabu kwa kichwa tunampa heshima. Mimi madrasa nilichapwa miaka sita nikashika nusu. Nyinyi munamtoa?”

Josphat alimtazama Padre. Padre alisema jina libaki, lakini Pauline aende darasa la ngumbaro, la watu wazima wasiojua kusoma, ili siku nyingine aujue ukurasa kwa macho yake mwenyewe.

Akaenda, na miaka hamsini na minane yake, akiketi na kina mama aliowazidi umri. Februari 1999 alisoma kwa kweli mara ya kwanza, kidole chini ya kila neno. Somo lilikuwa refu hata kuku wa jirani wakaangua. Aliposhuka nilimuuliza ilikuwaje, akasema, “Kwa kichwa ni rahisi. Lakini sasa hakuna wa kunifungulia ukurasa usio wake.” Baadaye alifundisha wasomaji kumi na mmoja wa kanisa letu, na hakuna hata mmoja anayemeza neno la mwisho.

Mwaka 2006 moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa mara mbili, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Mwanzoni mwa Machi mwaka huu Josphat alimtembelea na orodha ya zamu.

“Mama Muli, Pasaka niandike nani mahali pako?”

“Jiandike wewe,” akamwambia. “Na ukae hapo unisomee, nisikie.”

Josphat alisoma. Pauline akamrudisha mwanzo mara nne. Mara ya tano akanyamaza, na Josphat akajua amefaulu. Siku tatu baadaye, Jumanne tarehe 13 Machi 2007, saa nne asubuhi, dada yetu alituacha akiwa nyumbani kwake Mumbuni, Linet amemshika mkono.

Ameacha watoto wake Muli na Linet, wajukuu saba, kitukuu mmoja, mimi dada yake, wasomaji kumi na mmoja, na mwenyekiti mmoja ambaye tutamsikiliza Pasaka.

Mwaitu, mama yetu, umesimama vya kutosha. Keti sasa, upumzike kwa amani.