Mwenye Kamba Asijifunge: Maisha ya Njia Mbili, Mwangusha Miti

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake, kabla sijasoma habari za marehemu naomba tuelewane jambo moja. Mliokuja kwa njia ya juu mtarudi kwa njia ya juu. Asipite mtu njia ya chini, hata mwenye haraka zake. Mti ule bado unaning'inia, na upepo wa mwezi huu hauna adabu.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, kwa hiyo nitamsema ninavyomjua.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Njia Mbili mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa kinu cha mbao, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alikuwa mkata magogo kinuni, mama yetu alifua nguo za wafanyakazi. Tulikaa vyumba viwili vya kuta za mabanzi, na unga wa mbao uliingia mpaka kwenye uji. Alizaliwa mdogo, mwenye kilio chembamba kisichokatika, na Baba akasema kinu kimepata msumeno mwingine. Tulicheka. Siku hizi neno lile silipendi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, ng'ambo ya uwanja wa magogo. Alipokuwa darasa la nne, paa la darasa liliezuliwa kwa matengenezo, wakawa wanasomea nje kwenye kivuli cha mti. Kila asubuhi alilibeba dawati lake na kuliweka juani peke yake. Mwalimu alimchapa kwa utundu, kesho yake akafanya vilevile. Alipoulizwa ana shida gani, alisema tawi la juu limekufa. Mwalimu akamuuliza mbona halianguki. Akajibu, "Halina haraka, mwalimu." Lilianguka Jumapili moja, hakuna mtu, likavunja madawati mawili ya mbele. Jumatatu mwalimu hakumwomba radhi, ila alimtembeza uwanja mzima amwonyeshe mengine. Marehemu alikuwa akisimulia habari hiyo bila kucheka hata kidogo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1977 kwa alama za kuridhisha, lakini Baba alikuwa ameshaacha vidole vyake vitatu kinuni, ikabidi mtoto aingie kazini.

Alianza na ule msumeno wa kuvutana watu wawili. Mwaka 1984 alifundishwa msumeno wa injini, ambao sote hapa tunauita mashine, na msimamizi mmoja mwenye kovu lililotoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni. Msimamizi huyo hakuwa msemaji. Aliwapanga wanafunzi wake, akawaonyesha kovu, akawaambia ncha ya upanga ikigusa mti kabla ya mahali pengine, mashine hurudi usoni mwa mwenyewe. Upanga, kwa wasiojua, ni lile bapa la chuma ambalo mnyororo hulizunguka. Wanafunzi wawili waliacha kazi siku ileile. Marehemu alibaki.

Alipojitegemea alikuwa na mashine mbili. Kubwa, ya miti minene, aliiita Bi Mkubwa. Ndogo, ya matawi na kuni, aliiita Bi Mdogo, na ndiyo aliyoipenda kwa sababu haikumchosha mgongo. Wifi yangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ni mke wa tatu na hana zamu. Kabla ya kuukata mti wowote, marehemu aliugonga kwa kisogo cha shoka, akategesha sikio, akausikiliza kama uko mzima ndani. Kisha alifyeka njia mbili za kukimbilia, moja kushoto na moja kulia, nyuma ya upande ambao mti ungelalia. Vijana walimcheka kwamba anapanga kukimbia kabla hata kazi haijaanza. Jina la Njia Mbili lilitoka kwao, lilikuwa la kejeli, naye akalichukua bila kinyongo. Wengi wa vijana wale leo ni wazee, na wazima, kwa sababu waliishia kufyeka kama yeye.

Watu walimfuata sana kwa ushauri wa kununua mashine. Hakuwa akiuliza una uwezo gani, alikuwa akiuliza unakata nini. Kama ni kuni za nyumbani, alikuambia uchukue ndogo, yenye upanga mfupi, utakayoibeba tangu asubuhi mpaka jioni bila mikono kutetemeka. Alikuwa akiiwasha dukani, akasukuma breki ya mbele kuona kama mnyororo unakamatwa, akaachia kishikio cha mafuta kuona kama unasimama. Usiposimama, alimrudishia muuzaji na kumtakia siku njema. Mwaka jana mwoka mikate wetu alimwendea. Alihitaji kuni za tanuri tu, matawi ya unene wa mguu. Marehemu akamchagulia ndogo. Mwoka mikate akaenda zake, akarudi na kubwa kuliko Bi Mkubwa, upanga wake mrefu kama mguu wa meza, kwa sababu aliona haya kubeba kitu kidogo mbele za watu. Marehemu aliitazama, akasema, "Hiyo ni ya mti usiouweza." Akamnolea mnyororo hivyohivyo, akamwekea mafuta.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na fundi cherehani, binti wa mzee aliyekuwa na mti ulioinamia paa lake. Kijana alipopeleka posa, mzee alimwambia aanze na mti kwanza, maneno baadaye. Marehemu aliukata kipande kwa kipande kutoka juu, akiteremsha kila tawi kwa kamba, na kila mchana alikaribishwa chakula na binti akapakua. Kazi ya siku moja ilichukua wiki nzima. Mwishoni mzee akauliza, "Huyu anapunguza mti wangu au anapunguza chakula changu?" Akatoa binti. Mungu aliwajalia watoto watatu, nao walipendana mpaka mwisho. Nasema hivyo kwa kuwa nimekaa nao nyumba moja, na katika nyumba moja hakuna cha kuficha.

Ugonjwa ulimwingia polepole kupitia kazi yenyewe. Kuanzia mwaka 2014 vidole vyake vilikuwa vikigeuka vyeupe kila kukiwa na baridi, vinakufa ganzi mpaka hajui ameshika nini. Daktari alisema ni mtetemo wa mashine wa miaka yote ile, akamwambia aache. Akapunguza tu. Ikafika mahali wifi yangu akawa anamfunga vifungo vya shati kila asubuhi, yeye amesimama kimya kama mtoto. Baadaye yakaja masikio. Alianza kuugonga mti kwa shoka na kusikiliza, akagonga tena, akasikiliza tena. Siku moja aliniambia, "Dada, miti imenyamaza." 

Hapo ndipo lilipoanza jambo la kamba. Kwa kuwa hakuweza tena kusikia mti unapolia, na mti hulia kabla ya kwenda, wifi yangu aliacha cherehani siku za kazi na kufuatana naye. Marehemu alifungwa kamba kiunoni. Mke alisimama mbali, mwisho wa mojawapo ya zile njia mbili, ameshika ncha ya pili. Akisikia mlio, anavuta, naye mume anatupa kila kitu na kufuata kamba. Walifanya hivyo miaka mingi na kamba ilimwokoa si mara moja. Lakini kulikuwa na sharti, na marehemu alilirudia kila kazi kabla ya kuwasha mashine: mwenye kamba asijifunge. Aishike kwa viganja tu, asiizungushe mkononi. Wifi yangu alimuuliza sababu mara ya kwanza, akamjibu, "Mti ukinitaka mimi, usipate wawili."

Tarehe 27 Februari mwaka huu wa 2025 dhoruba iling'oa ule mkaratusi mrefu wa njia ya chini, ukaangukia mwenzake na kukwama hewani. Marehemu aliuzunguka, akarudi nyumbani na kukataa kuugusa. Alisema huo si mti tena, ni mtego, na kwamba unataka trekta la kuuvuta kutoka mbali. Ofisi ya barabara iliahidi trekta. Aliweka miba kuziba njia, watu wakaiondoa wapite. Akaweka tena.

Jumatano tarehe 12 Machi, mwoka mikate aliishiwa kuni. Alikwenda na mashine yake ndefu, akaona shina nene limelala vizuri kwa kimo cha kifua, akalikata kutoka juu. Lilipofika katikati, mti ulishuka kidogo na kuung'ata upanga. Hakuweza kuuchomoa. Alimkimbilia marehemu, na ndugu zangu, angekuwa mtu mwingine angemwambia potelea mbali wewe na mashine yako. Lakini mti sasa ulikuwa umekatwa nusu, na watoto wa shule walikuwa karibu kutoka, na ile ndiyo njia yao. Wifi yangu alikuwa mjini kupeleka sare za shule. Marehemu alimchukua mtoto wake wa kwanza, fundi pikipiki, mtu mzima na akili zake. Mwoka mikate alitumwa upande wa chini kuzuia watu. Mtoto alimfunga baba yake kamba, akaenda kusimama mwisho wa njia ya kukimbilia. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na viganja vyake vililowa. Aliogopa kamba isimteleze, akaizungusha kwenye mkono mara kadhaa.

Marehemu alitaka kukata kwa Bi Mdogo tawi moja tu lililoshikilia mti, kisha aondoke. Hakumaliza. Mti ulilia, mtoto akavuta kwa nguvu zake zote, kamba ikamjia tupu, naye akaanguka chali. Shina liliteleza, likampiga marehemu, halafu likakwama tena, chini zaidi. Alifariki papo hapo, adhuhuri, akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Mashine ya mwoka mikate imeng'atwa mle mpaka sasa. Ukigeuka utaiona kutoka hapa kaburini, ile rangi ya chungwa.

Tangu siku hiyo mtoto wetu hali wala hasemi, isipokuwa neno moja, kwamba fundo lake lilifumuka. Jana jioni, wageni wakinywa chai, nilimkuta nyuma ya nyumba anaunoa mnyororo wa Bi Mkubwa kwa tupa ya baba yake. Hakuniambia anakwenda kukata nini. Sikuwa na haja ya kuuliza, na niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya msiba.

Kwa hiyo mwanangu, nasema mbele ya wote, kwa sababu ukiwa peke yako hunisikii. Mwoka mikate yupo hapa, amesimama nyuma kofia mkononi, na mtu asimfukuze. Alikuwa upande ule, uso kwa uso na baba yako, na alinieleza alichokiona. Mti ulipotikisika, baba yako aliangalia nyuma akutafute. Akauona mkono wako na kamba iliyouzunguka. Alizima mashine, akaiweka chini, akainamia kiuno chake. Vidole vile vilivyoshindwa na kifungo cha shati vilifungua fundo lako. Halikufumuka. Ulilifunga sawasawa. Lilifunguliwa na baba mwenye akili timamu, aliyeona kwamba mti unataka wawili, akakataa. Ukienda leo na mashine chini ya mti ule, utakuwa umeupa mti ule ulichonyimwa.

Trekta litakuja Jumatatu. Nimekwenda mwenyewe ofisi ya barabara, nikakaa pale mlangoni mpaka wakaona aibu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja na wadogo wawili, na mafundi wengi aliowafundisha kuogopa vizuri. Bi Mkubwa na Bi Mdogo ziko chumbani kwangu. Plagi zake za kuwashia nimezitoa, na asiniulize mtu ziko wapi.

Jeneza litateremshwa kwa kamba ileile. Wifi yangu atashika upande mmoja, na mtoto wa kwanza upande wa pili, maana ni haki yake. Mwanangu, ishike kwa viganja. Usiizungushe. Teremsha taratibu, na baba yako akifika chini, iachie.

Njia Mbili, pumzika kwa amani. Mtoto amebaki upande wetu.