Bi Rudia, Aliyengoja Neno la Pili

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, nisome historia ya dada yetu, kwa kuwa kaka mkubwa akishika kipaza sauti hulia, na mimi nasemekana nina moyo wa jiwe, kwa hiyo nivumilieni, jiwe nalo linajitahidi.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano, na kwa maneno ya marehemu mama alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno, habari ambayo dada aliikataa maisha yake yote kwa sababu shahidi alikuwa mmoja. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, akahitimu saikolojia Novemba 1985, na baba, fundi cherehani, akawaambia wateja kwamba binti yake amesomea udaktari wa watu wasioumwa.

Januari 1987 aliajiriwa hospitalini, kitengo cha afya ya akili, chumba kimoja chenye meza tatu na feni iliyopepea meza ya bosi tu, kazi yake ikiwa kuhakiki madodoso, yaani zile karatasi za maswali wanazojaza wanafunzi wa sekondari ili ijulikane nani anafikiria kujiua, asaidiwe mapema. Njia mojawapo ya kuhakiki ni kumuuliza mtu swali lilelile baada ya wiki mbili, kuona kama jibu limesimama palepale, na mazoezi alifanyia kwetu, ukisifu chai yake leo, ujiandae kuulizwa tena, ndipo wajomba wakambandika jina la Bi Rudia.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1989 na shemeji yetu, fundi wa majokofu, ambaye alipomposa alikubaliwa papo hapo, kisha baada ya wiki mbili akatakiwa apose upya, na anasema mara ya kwanza alitetemeka, mara ya pili alilowa jasho, ila majibu yalilingana. Mwaka 1992 walijaliwa mapacha, na dada alisema sasa ameamini matokeo.

Mwaka 2004 dodoso alilolitunga kwa miaka mitatu lilijaribiwa shuleni, likaonyesha kwamba wanafunzi wote ni wazima, mkuu wa kitengo akaagiza soda, dada akagoma kunywa, kwani alimwona kwa macho yake binti mmoja akijaza huku machozi yanadondokea karatasi, na karatasi hiyo nayo ilisema hajambo. Alinuna mpaka siku aliyosalimiana na jirani yetu mwenye bucha, habari za nyumbani, nzuri, watoto, wazima, ila jana tumemzika babu yao, na dada akakimbilia ndani kutafuta kalamu kabla hajatoa pole, kosa ambalo jirani huyo, aliyepo hapa, amekwisha kulisamehe.

Tangu hapo kila swali la dodoso lilifuatwa na mstari mtupu ulioanza na neno ila, na msimamizi aliamriwa aketi, afunge mdomo, angoje. Kamati ya wazazi ilikuja juu, ikisema kumuuliza mtoto habari za kufa ni kumfundisha, dada akawajibu kwamba anayeulizwa hafundishwi, anapata wa kumwambia, wakakataa, akarudi baada ya wiki mbili na maneno yaleyale, wakakubali, nadhani kwa kuchoka.

Binti yule wa machozi aliandika tena kwamba hajambo, kisha akaandika, ila sioni faida ya kuamka. Siku hiyohiyo dada alikaa naye, akawaita wazazi wake, akampeleka kwa daktari, akatibiwa, na leo ni mama wa watoto wawili, ameketi safu ya tatu, na ni yeye aliyetaka niliseme hili.

Dada alianza kuugua ini Mei 2023, na kila aliyemjulia hali alijibiwa nzuri, hadi daktari kijana aliyefundishwa na dada mwenyewe alipovuta kiti, akaketi, akanyamaza, dada akacheka kwa kunaswa na mtego wake, halafu akasema, ila naogopa. Shemeji akaitwa, akakaa naye kila siku mpaka tarehe 2 Februari 2024, saa tisa alasiri, dada alipofariki mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake pamoja na feni yao, na majirani mliotupikia na kutufagilia. Mtatuuliza tunaendeleaje, nasi tutajibu vizuri, ndivyo tulivyolelewa, basi msiharakishe kuondoka, ketini kidogo.

Pumzika kwa amani, dada, huku nyumbani hatujambo, ila wewe hupo.