Mkwe Anagomba au Anaongea?

Siku hiyo kwenye benchi la kibarazani walikuwepo Pindo, fundi cherehani mwenye kibaraza, Wembe kinyozi, Randa seremala, aliyelipiga benchi msasa ili lisichane nguo za wateja wa Pindo, na Mama Birika muuza kahawa, ambaye kikombe cha mwenye huzuni hukijaza hadi ukingoni bila kusema neno. Mwenye huzuni leo alikuwa Pindo. Nyuma ya pazia mke wa mwanawe, binti aliyeolewa kutoka mbali, alikuwa akiongea na mama yake kwenye simu kwa lugha yao. Pindo hakuelewa hata neno moja. Alichosikia ni mdundo, na mdundo ulimtisha. Simu yake mwenyewe ilikuwa mkononi. Ikiwa kweli binti anagomba, basi atampigia mwanawe aache kazi huko aliko, arudi kabla mkewe hajaondoka na mjukuu.

— Sikilizeni wenyewe, alinong'ona. Anavyopigilia!

Randa akafuatisha kwa kidole ubaoni: ko! kokoko, ko! koko.

— Hiyo nyundo, mzee. Neno moja analigonga, mengine anayameza. Mtu mwenye amani hagongi.

— Wewe kila kitu nyundo, Wembe akasema. Huo ni mkasi. Chu chu chu, halafu chwa! Huyo kashakata shauri. Mabegi yapo mlangoni.

— Mlango umefunikwa na pazia. Umeyaonaje?

— Nimeyasikia.

Mama Birika akammiminia Pindo tena.

— Na sisi je, hatugongi?

— Sisi tunakwenda sawasawa, Pindo akasema. Ka-ri-bu-u-ke-ti-ma-ma. Kila kipande saizi moja, kama mshono.

— Ndiyo maana alipofika aliuliza nani kaacha cherehani inazunguka. Kumbe ulikuwa unamkaribisha, Mama Birika akasema.

Randa alikuwa bado anawaza.

— Kwao lazima ni milimani. Neno zito ni mguu kukanyaga jiwe. Yale mepesi, anateleza.

— Anateleza kwenda wapi? Pindo akauliza.

— Kituo cha basi.

Pindo akaanza kutafuta namba ya mwanawe.

Hapo akafika mteja wa Pindo wa siku nyingi, mama mmoja kijana, gauni mkononi, anataka lipunguzwe urefu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Randa akasogea ampishe.

— Mbona mmenyong'onyea hivi?

— Mkwe wangu anagombana na mama yake, Pindo akasema. Sikia anavyopiga.

— Na mtoto yuko wapi?

— Kampakata humo ndani.

Yule mama akatega sikio.

— Sasa mbona halii?

Randa akamtazama Wembe. Wembe akanywa kahawa.

Pindo akainuka, akakohoa kubisha hodi, akafunua pazia kidogo. Binti alikuwa ameketi mkekani, simu kando yake. Mama yake alikuwa akisema kutoka huko mbali, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, naye akimfuatisha, na kila neno zito lilipofika kiganja chake kilishuka taratibu mgongoni mwa mtoto. Mtoto kalala fofofo, mdomo wazi. Binti alipomwona baba mkwe aliweka kidole midomoni, halafu akamsogezea kigoda kwa mguu.

Pindo aliketi kidogo. Aliporudi, simu yake ilikuwa mfukoni.

— Vipi, mzee? Mabegi? Wembe akauliza.

— Punguzeni sauti.

Alasiri ile cherehani ilifunikwa, na gauni la yule mama likashonwa kwa mkono.